Gari la Mbwa, Mama Mkwe na Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema. Tena njema sana. Mkuu wa kituo amenikabidhi mimi, sajini wa usafiri, kazi ya kutafuta gari jipya la kikosi cha mbwa na kulifunga vifaa vyake vyote. Mimi, si mwingine. Nimetoka ofisini kwake kifua mbele. Nikajigonga kwenye fremu ya mlango, lakini aliyeona ni karani peke yake, na karani anajua kunyamaza.

Gari la zamani limekufa rasmi. Lilikuwa pikapu. Mbwa alikuwa anasafiri nyuma ndani ya kreti, na akifika kwenye tukio anatapika kwanza ndipo anaanza kazi. Wahalifu walikuwa wanamsubiri kwa huruma.

Sasa jambo lenyewe, na hili naliandika hapa tu. Jumamosi ya wiki ijayo mama mkwe anakuja kumwona mjukuu wake mchanga. Tangu nimwoe binti yake, mama mkwe hajawahi kuniita mwanangu. Mimi kwake ni "huyo bwana". Nimekaa hapo hapo mezani, anamwuliza mke wangu: huyo bwana ameshakula? Chanzo ni mfamasia. Kulikuwa na mfamasia aliyetaka kumposa mke wangu kabla yangu, na mfamasia huyo ana gari lenye kiyoyozi. Mama mkwe alipanda mara moja tu, kutoka hospitali hadi sokoni, na mpaka leo anasimulia ule ubaridi.

Na mimi, mwezi uliopita, nilimwambia kwenye simu kwamba akishuka kwenye basi atakuta gari langu la kazi linamsubiri. Jipya. Lenye kiyoyozi. Sikuwa nalo. Ulimi uliteleza. Leo inaelekea ulimi wangu ulikuwa unatabiri.

Kwa kawaida gari jipya hukaa mikononi mwa sajini wa usafiri wiki ya kwanza ili alichunguze. Ndio utaratibu. Niliutunga mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimezunguka kwa wauza magari. Yamebaki mawili.

La kwanza ni gari refu la familia, jeupe, linang'aa mpaka unaona aibu kuligusa. Viti laini. Kiyoyozi kinapuliza mbele na nyuma. Nimelipa jina: Bibi Harusi. Nimekaa kiti cha nyuma, nikafumba macho, nikamwona mama mkwe pembeni yangu ananiambia mwanangu, punguza baridi kidogo. Muuzaji akaniuliza kama naumwa.

La pili ni gari la mizigo. Mbele viti viwili vigumu, nyuma chumba kitupu cha bati. Nimeliita Boksi. Silo.

Kumbe Koplo ameshaliona Boksi kabla yangu na analitaka hilo hilo. Koplo ndiye mwongoza mbwa wetu. Mwanamke mfupi, mkavu, anayemsifia mbwa wake kama mzazi kwenye kikao cha shule. Mbwa mwenyewe ni wa kunusa dawa za kulevya na anaitwa Jaji. Ameitwa hivyo kwa sababu akinusa kitu habweki wala hakwaruzi. Anakaa kitako na kukutazama. Basi, kesi imekwisha.

Koplo anasema mbwa wa kazi lazima aweze kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha. Eti akifika na misuli iliyokaza hanusi vizuri. Nikamwambia mambo hayo yanataka vipimo, si maneno. Nikachukua futi, nikaenda bandani, nikampima Jaji mwenyewe. Alikuwa amelala amejikunja. Vipimo vikaingia sawasawa kwenye buti la Bibi Harusi, na nafasi ikabaki.

Nilimwonyesha Koplo kwa fahari. Akaniuliza kama fundi aliyetengeneza kitanda changu alinipima nikiwa nimechuchumaa.

Jumatano, 5 Juni

Kikao mbele ya Mkuu. Nilizungumza vizuri. Nilisema kikosi cha mbwa ni sura ya jeshi mbele ya raia na sura haiwezi kufanana na boksi la viatu. Nilisema viti vya nyuma vitamfaa afisa mwangalizi. Mkuu akauliza afisa mwangalizi ni nani. Nikasema cheo hicho bado kinafikiriwa. Koplo akakohoa. Si mgonjwa, huwa anakohoa mimi nikiongea.

Yeye alisema machache. Joto, hewa, sakafu isiyoteleza, wavu wa chuma kati ya mbwa na dereva, mlango usiofunguka wenyewe, kizima moto. Mkuu aliandika yote. Ya kwangu hakuandika.

Kisha Mkuu akakata kauli, na nikiri kwamba sikuitegemea. Alisema amechoka na maofisa wanaochagulia watu wengine vitu. Wakati wa kununua viatu, waliochagua walikuwa wanakaa ofisini na waliovaa wakatoka malengelenge. Safari hii anayetumia ndiye atakayechagua. Keshokutwa magari yote mawili yaletwe uwanjani, milango ya nyuma ifunguliwe, na Jaji aachiwe. Gari atakaloingia na kulala, ndilo tutakalonunua. Mbwa ana kura moja, akasema Mkuu, na ndiyo pekee itakayohesabiwa.

Koplo akatabasamu. Nikatabasamu pia. Kura ni kura, na mpiga kura huwa haachwi hivi hivi bila kufanyiwa kampeni.

Nyumbani mke wangu aliniambia mama yake ameuliza kama gari lina nafasi ya kunyoosha miguu. Magoti yanamsumbua. Nikamwambia amjibu kwamba lina nafasi ya kulala. Akanitazama vile anavyomtazama mtoto akikaribia kucheua. Lakini kuna kitu kimenichoma. Yule mama amekula chumvi nyingi, magoti yake ni mabovu, na atasafiri mchana kutwa kuja kumshika mtoto wangu. Nataka kwa dhati akae pazuri. Na nataka aone kwamba ni mimi niliyempakia.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango umekamilika. Hata mimi umenishangaza.

Kwanza nilifikiria nyama. Hapana. Jaji hali kitu kutoka kwa mtu baki. Nilijaribu na kipande cha maini, akakitazama, akanitazama mimi, akageuza uso. Nilijisikia vibaya kidogo.

Ndipo nikakaa kwenye benchi nje ya uwanja wa mazoezi na kuangalia. Koplo ana chupa za mfuniko, na ndani ya kila chupa kuna vitambaa vilivyokaa na bangi ya ushahidi mpaka vikashika harufu. Anakificha kitambaa kimoja. Jaji anazunguka, anakipata, anakaa. Koplo anamrushia mpira wake mwekundu. Na Jaji anapagawa! Anaruka, anabingirika, mkia unataka kung'oka. Sijawahi kuona kiumbe mwenye furaha namna ile, na nina mtoto mchanga.

Nikapiga hesabu. Harufu inaleta furaha. Mbwa anaipenda harufu. Basi gari lenye harufu hiyo atalipenda kuliko nyumbani kwao.

Koplo alipokwenda kunywa chai nikaingia stoo. Nikatoa kitambaa kimoja. Magari yalikuwa yameshaletwa karakana. Nikaingia nyuma ya Bibi Harusi, nikapangusa sakafu, kuta, mlango, na juu ya kiti kwa usalama zaidi. Kazi safi. Nikajifuta mikono kwenye koti langu la kazi, nikakikunja kitambaa vizuri, nikakirudisha kwenye chupa. Hakuna aliyejua. Nilirudi ofisini napiga mluzi.

Karani aliuliza kulikoni. Nikamwambia asubiri kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Sitaki kuandika.

Naandika.

Kituo kizima kilitoka uwanjani. Wapishi, mapokezi, mpaka mahabusu wawili waliokuwa wanafagia waliruhusiwa kuegemea mafagio. Bibi Harusi upande huu, Boksi upande ule, milango ya nyuma wazi. Muuzaji wa Bibi Harusi alivaa tai. Koplo akafungua mnyororo.

Jaji hakumpa Boksi hata jicho. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Harusi. Alinusa bampa. Akanusa mlango. Mkia ukasimama. Ruka, nikasema moyoni, ruka baba.

Akakaa kitako, akalitazama lile gari.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini anaitwa Jaji. Mbwa yule hajafundishwa kwamba harufu ile ni ya kupendwa. Amefundishwa kwamba ni ya kushitakiwa.

Mkuu alimgeukia muuzaji. Muuzaji akalegeza tai. Akaapa kwa mama yake, kwa baba yake, na kwa kampuni. Mkuu akaamuru gari lifunguliwe lote. Vijana wangu wa karakana, ambao kubadilisha tairi moja huwachukua asubuhi nzima, walimvua Bibi Harusi kufumba na kufumbua. Viti nje. Mazulia nje. Vifuniko vya milango nje. Kile kiti changu laini kilikaa juani peke yake katikati ya uwanja. Hawakupata kitu. Koplo akamrudisha Jaji. Jaji akakaa tena, safari hii mbele ya kiti.

Ningekaa mbali mambo yangeishia hapo. Lakini kiherehere kilinisogeza nikachungulie. Jaji akainuka, akapita kati ya watu, akaja mpaka miguuni pangu. Akakaa. Akanitazama.

Nikapiga hatua kushoto. Na yeye akahama kushoto, akakaa.

Nilipekuliwa mbele ya mahabusu. Mfukoni wakakuta kipande cha maini ya kuchemsha, kile kile cha jana. Mkuu akauliza ni nini. Nikasema ni chakula changu cha mchana. Akauliza kama huwa nakula chakula cha mchana kutoka mfukoni. Nikasema siku za Ijumaa.

Bangi haikuonekana popote, basi baadaye kura ikarudiwa. Jaji akaingia ndani ya Boksi, akazunguka mara moja, akalala amejinyoosha, akaweka kidevu juu ya miguu. Watu wakapiga makofi. Muuzaji wa Bibi Harusi aliondoka na nusu ya gari akiwa ameibeba ndani ya nusu nyingine.

Jumamosi, 8 Juni

Zamu ya asubuhi. Nimekwenda kazini kwa mlango wa nyuma. Jaji alikuwa mlango wa nyuma. Akakaa.

Nimeoga mara mbili na bado. Ni koti. Na koti la kazi ninalo moja, na nguo za nyumbani nafua mimi tangu mtoto azaliwe, na nepi zimenizidi.

Koplo akaniita stoo. Akafunga mlango. Akanionyesha chupa moja, akasema yeye vitambaa vyake huviviringisha, na hiki kimekunjwa mara nne kama leso ya bwana harusi. Nikajifanya hamnazo. Nikamwambia huenda ni panya. Akasema panya nadhifu sana.

Nilisubiri aende kwa Mkuu. Hakwenda. Alisema hana haja ya kumwaga unga wa mtu mwenye mtoto mchanga. Ila Boksi lifungwe vifaa vyote kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu siku hiyo yeye na Jaji wana ukaguzi kituo cha mabasi. Vifaa vyote, na vifungwe kama vile mimi ndiye nitakayepanda humo. Alikazia hapo. Kama mimi ndiye nitakayepanda.

Nikakubali haraka. Baadaye nikakaa nikafikiri. Jumamosi ijayo. Kituo cha mabasi. Mama mkwe anashukia wapi? Kituo cha mabasi.

Ndugu msomaji ambaye ni mimi mwenyewe, bado nipo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempa kazi ya vizimba shemeji, kaka yake mke wangu. Ni fundi wa kuchomelea, mkono wake ni mzuri na mdomo wake hauna breki. Nimemwapisha asimwambie mama yake kwamba hili ndilo gari la kazi. Akaapa. Kisha akaniuliza kama mama atakaa kizimba cha kulia au cha kushoto. Akacheka mpaka akazima mashine.

Michoro ni yangu. Nyuma kuna vizimba viwili. Kimoja cha Jaji, kingine cha mbwa mgeni endapo atakuja. Koplo alitaka hivyo. Safari hii nimempima Jaji akiwa amesimama. Alikaa kila nilipomkaribia na futi, ikabidi nivue koti na nimpime nikiwa na fulana, mbele ya wapishi.

Mbele nimepanga siri yangu. Kati ya viti viwili kuna nafasi. Nimemwambia shemeji achomelee kiti cha tatu hapo, chembamba. Koplo ataendesha, mama mkwe ataketi dirishani, mimi katikati. Nimekiita sehemu ya kuwekea redio.

Jumatano, 12 Juni

Koplo amekuja kukagua. Akatazama sehemu ya kuwekea redio. Akauliza redio gani ina mto wa kukalia. Akakifungua kile kiti kwa spana yake mwenyewe na kukiweka nje, na kwenye nafasi ile akafunga kizima moto. Kizima moto kilikuwa kwenye orodha tangu siku ya kikao.

Mengine yote yanakwenda. Nimefunga mkeka wa mpira wenye matuta ili mbwa asiteleze kwenye kona. Nimefunga bakuli la maji ambalo halimwagiki. Nimelijaribu kwa kuendesha juu ya matuta ya barabarani huku fundi mmoja amekaa nyuma kulichungulia, akatoka ameloa. Nikabadilisha. La pili halimwagiki. Kuna kengele inayolia joto likizidi. Na feni mbili za paa, moja kwa kila kizimba. Koplo aliomba moja tu, ya Jaji. Ya pili nimeiongeza mimi. Mbwa mgeni naye ana roho.

Niseme kweli. Nilipolala kwenye kile kizimba cha pili kukaza skrubu, feni ikizunguka, nilisikia raha. Hewa nzuri. Kimya. Hakuna nepi. Nikasinzia. Jaji alikuwa kwenye kizimba chake, upande wa pili wa wavu. Nilipoamka alikuwa amekaa, ananitazama.

Ijumaa, 14 Juni

Shemeji amemwambia mama yake. Amemwambia yote: gari, mbwa, wavu. Mke wangu ndiye aliyenipa habari, akiwa amempakata mtoto na kujizuia kucheka. Nikauliza mama amesemaje. Akasema mama amesema haya, na amwambie huyo bwana kwamba yeye ana mguu mbovu, si mgonjwa, anaweza kupanda chochote chenye magurudumu.

Huyo bwana.

Nilikaa uani na beseni la nepi na moyo mzito. Mfamasia hajawahi kumpandisha mtu kwenye gari la mbwa. Mke wangu akaja akakaa pembeni. Akasema yeye alimkataa mfamasia kwa hiari yake na hakuna siku aliyosikia joto. Nikamwuliza kwa nini basi mama yake haoni. Akasema mama anaona, ila mimi huwa najitia moshi mwingi mbele yake mpaka ndani hapaonekani. Sikuelewa. Nadhani amechoka, hajalala vizuri.

Nimemwomba Koplo atupe lifti kesho. Amekubali. Alipokubali haraka vile niliingiwa na wasiwasi.

Jumamosi, 15 Juni

Naanza mwanzo.

Kituo cha mabasi kimejaa. Koplo na Jaji wanapita kwenye mizigo. Mimi nimesimama kwenye mstari wa mapokezi na koti langu. Nililifua jana, nikalianika, nikalinusa mwenyewe. Safi.

Mama mkwe akashuka. Kikapu, mkoba, na ule mguu. Nikaenda mbio, nikamwamkia, nikapokea kikapu. Akaitikia vizuri. Kisha akatazama nyuma yangu. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa Jaji. Amekaa.

Abiria wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe. Mama mkwe akamwuliza Koplo kwa sauti ya kituo kizima mbwa anamtakia nini huyo bwana. Koplo akamjibu bila kupepesa jicho kwamba mbwa huyu ana adabu, akimwona mkubwa wake wa kazi hukaa chini kwa heshima.

Mama mkwe akanitazama upya. Kichwani mpaka viatuni.

Koplo, lolote nililoandika humu kuhusu kukohoa, nalifuta.

Tukafika kwenye Boksi. Viti viwili. Koplo anaendesha. Mama mkwe akatazama kiti, akatazama goti, akaniuliza mimi, mimi mwenyewe moja kwa moja, wewe utakaa wapi? Nikasema mimi nitafuata kwa miguu. Koplo akasema nyumbani ni mbali na kizimba cha pili kiko tupu. Akakohoa.

Nikaingia.

Niliingia na kikapu na mkoba mapajani. Koplo akafunga mlango, na ule mlango haufunguki wenyewe, niliufunga mimi. Jaji upande wa pili wa wavu, amekaa, macho kwangu, kutoka kituoni mpaka mlangoni kwangu. Kwenye kila taa watoto walikuja kuchungulia kwenye kidirisha cha nyuma. Mmoja akauliza nimefanya nini. Mbele nilisikia mama mkwe akimsimulia Koplo habari za magoti, na Koplo akiitikia vizuri kabisa. Mkeka haukuteleza. Bakuli halikumwagika. Feni ilipuliza hewa safi. Kusema ukweli sijawahi kusafiri vizuri hivyo, ila hilo nisingeweza kulisema mahali popote.

Mtaani majirani walitoka. Askari wa kike akafungua mlango wa nyuma na mimi nikatoka na kikapu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikampeleka mama mkwe ndani, nikamwekea mto chini ya goti, nikaenda jikoni kuchemsha maji.

Aliponiita nilikuja nimejiandaa kwa lolote. Alikuwa amempakata mtoto. Akasema yule mfamasia, siku ile alipompandisha, yeye mama alikaa nyuma na mifuko ya sabuni, na mbele kilikaa kikapu cha mayai ya mfamasia, yasivunjike. Hajawahi kumwambia mtu. Kila akiulizwa alisema baridi tu. Akasema leo amemwona mtu akiingia kwenye kizimba cha mbwa ili yeye akae mbele, na hakusema neno. Kisha akasema asante, mwanangu, na akanipa mtoto nimbebe.

Mwanangu. Amesema mwanangu. Niligeukia ukuta kidogo kwa sababu ya moshi wa jikoni. Jiko letu ni la umeme, lakini hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 17 Juni

Siku mbili nimefikiri kwa makini nini hasa kilimgeuza mama mkwe. Nimepata jibu. Ni gari.

Ukitazama vizuri, haiwezi kuwa kitu kingine. Ukubwa wake, ile rangi ya polisi, mbwa kukaa kwa heshima, majirani kutoka nje. Ile habari ya kizimba alisema kwa upole wake tu, maana mtu mzima hawezi kukiri kwamba gari limemtikisa. Na kama Boksi, tena Boksi, limenipa mwanangu, sijui gari la maana zaidi litanipa nini.

Na leo mambo yamejileta. Mkuu ameniita. Kanisifia: Jaji amefika kwenye kazi mbili bila kutapika, na Koplo kaandika kwamba feni ya pili ilikuwa wazo zuri. Kwa hiyo amenikabidhi kazi nyingine. Kikosi cha farasi kinataka lori. Kuna mawili. Moja ni la kawaida. Lingine lina kabini ya mbele ya watu watatu, kiyoyozi, na nafasi ya kunyoosha miguu kama sebuleni. Mama mkwe anarudi kwake mwisho wa mwezi. Amesema basi linamtosha. Ni upole wake tena.

Mkuu anasema utaratibu ni ule ule. Farasi ndiye atakayechagua.

Koplo alinipita koridoni akaniomba nimwahidi kwamba sitagusa kitu. Nikamwahidi. Na sitagusa chupa yake hata moja. Farasi hawanusi bangi. Farasi wanapenda sukari, jambo ambalo kila mtu analijua, na sukari haijawahi kumshitaki mtu.

Nimenunua kilo mbili. Nimeikoroga na maji ya moto na kuipaka kwenye mlango wa ofisi yangu, kwanza kwa majaribio, kuona kama inashika kwenye bati. Inashika vizuri. Sisimizi wachache wamejitokeza, lakini hao hawana kura.